Usiishie Getini

Barua ya kukubaliwa ikishafika kutoka Riyadh au Jeddah, nyumbani hupikwa pilau na simu za mashangazi hazikatiki. Kijana huulizwa mambo mawili: unaondoka lini, na utahiji mwaka gani. Ni nadra mtu kumuuliza atakula nini wiki ya kwanza, akaunti ya benki ataifunguaje, au atamjibu nini karani anayemsemesha Kiarabu ambacho madrasa haikumfundisha. Nawaandikia wadogo zangu walio njiani, wa Tanga na Mombasa, wa Kampala na Bukavu, juu ya hayo yasiyoulizwa. Natanguliza lile ninaloliona kubwa kuliko yote: toka getini mapema. Vyuo vile ni miji ndani ya miji, vina misikiti, migahawa, zahanati na maduka yake, na mwanafunzi anaweza kukaa miaka minne asiujue mji aliomo. Anayefanya hivyo hurudi na shahada, lakini Kiarabu chake kinabaki cha vitabuni, na watu anaowajua ni wale wale aliopanda nao ndege.

Kabla ya geti kuna safari ya makaratasi. Kijue chuo unachokiomba. Chuo Kikuu cha Mfalme Saud, Riyadh, kilianzishwa 1957 na ndicho chuo kikuu cha kwanza cha Ufalme wa Saudia. Cha Mfalme Abdulaziz, Jeddah, kilianza 1967 kwa jitihada za wafanyabiashara na wakuu wa mji, kisha serikali ikakichukua 1971. Katika vyote viwili, tiba, uhandisi na sayansi husomeshwa zaidi kwa Kiingereza. Lugha, historia na masomo ya dini kwa Kiarabu. Anayetaka sharia na lugha huangalia pia Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Imam Muhammad bin Saud, Riyadh. Wasichana wana Chuo Kikuu cha Princess Nourah, kikubwa mno, ambacho eneo lake jipya lilifunguliwa 2011 likiwa na treni yake ya ndani. Na mwenye shahada ya kwanza nzuri ya sayansi asiisahau KAUST, pale Thuwal, kaskazini ya Jeddah, iliyoanza 2009: inachukua wanafunzi wa shahada za juu tu, na kila kitu ni kwa Kiingereza.

Maombi siku hizi hupitia jukwaa la serikali la Study in Saudi au tovuti ya chuo chenyewe. Sioni sababu ya kumlipa wakala mamilioni akujazie fomu unayoweza kuijaza mwenyewe ukiwa na mtu mmoja wa kukusaidia lugha. Vyeti vitafsiriwe na mfasiri anayetambuliwa, vigongwe muhuri wa Wizara ya Mambo ya Nje, kisha ubalozi wa Saudia. Na hapa kuna jambo dogo linalowaliza wengi: jina. Jina la cheti cha kuzaliwa, la cheti cha kidato cha nne na la pasipoti liwe lile lile, herufi kwa herufi. Visa ikitoka, soma jina lako lilivyoandikwa kwa Kiarabu. Kama Juma amekuwa mtu mwingine, omba lirekebishwe hapo hapo, kwa sababu maandishi hayo ndiyo yatakayohamia kwenye kibali cha ukaazi, kwenye akaunti ya benki, na mwisho wa yote kwenye cheti cha shahada. Kulirekebisha baadaye ni kuzunguka ofisi nyingi.

Ukifika, utajikuta huna kitu mpaka upate iqama, yaani kibali cha ukaazi. Chuo ndicho mdhamini wako, na ndicho kinachokuombea baada ya vipimo vya afya na alama za vidole. Bila iqama hufungui akaunti ya benki, na bila akaunti posho haina pa kuingia. Hata laini ya simu inataka alama za vidole. Iqama ikishatoka, jisajili Absher, mfumo wa serikali ambamo utaona tarehe ya kibali kuisha na visa ya kutoka na kurudi, pamoja na Nafath, inayothibitisha kuwa wewe ni wewe kila unapoingia huduma yoyote. Neno la siri la mifumo hiyo usimpe mtu, hata rafiki wa chumba kimoja. Mwenye Nafath yako anaweza kutenda mambo kwa jina lako, na jina litakalotafutwa ni hilo hilo lako.

Kwa hiyo ondoka nyumbani na akiba ya miezi miwili au mitatu. Wanaosafiri mikono mitupu kwa kutegemea posho ya mwezi wa kwanza huanza maisha kwa kukopa, na deni la mwanzo huwa zito kulipa. Posho kwa shahada ya kwanza haiko mbali na riyali 900 kwa mwezi. Kila chuo kina viwango vyake. Riyali imefungwa kwenye dola kwa 3.75 tangu 1986, basi riyali 900 ni dola 240, ambazo kwa viwango vya miaka hii ni kama shilingi 31,000 za Kenya au laki sita na ushee za Tanzania. Malazi hutolewa na chuo, mgahawa wa chuo una bei ya ruzuku, matibabu ni bure, na mwenye ufadhili kamili hulipiwa tiketi ya likizo kila mwaka. Kwa mtu mmoja mwenye nidhamu inatosha, na kidogo hubaki.

Shida ni kwamba nyumbani hawaioni riyali 900. Wanaiona Saudia. Maombi yataanza kabla hujajua njia ya kwenda mgahawani: ada ya mdogo wako, paa la bibi, mchango wa harusi ya binamu. Mimi nashauri uzungumze na wazazi mapema, tena kwa tarakimu. Waambie unapokea kiasi gani, unatumia kiasi gani, na utatuma nini, kwa mfano riyali 150 kila mwezi bila kukosa. Kidogo kinachofika kila mwezi huheshimiwa kuliko kikubwa kinachofika mara moja na kufuatiwa na ukimya. Atakayeomba nje ya hapo, mwelekeze kwa wazazi.

Jambo la fedha ambalo nalitilia mkazo hasa ni la pesa za watu. Utakutana na Waswahili wafanyakazi, watu wema kabisa, watakaokuomba upokee pesa kwenye akaunti yako uwatumie kwao kwa sababu wao hawana akaunti au wanakimbia makato. Kataa kwa adabu, mara ya kwanza na mara zote. Akaunti ya mwanafunzi inajulikana kipato chake; ikianza kupitisha mara kumi ya posho, benki huifunga na kuuliza maswali, na sheria ya utakatishaji wa fedha haitazami nia yako njema. Wapo waliopoteza masomo kwa kumsaidia jirani. Kazi za mtaani bila kibali ni mlango huo huo: umepewa kibali cha kusoma, na kuvunja masharti yake ni kujitafutia tiketi ya kurudi nyumbani bila shahada.

Darasani, hesabu ya kwanza ya kuishika kichwani ni ya mahudhurio. Ukikosa zaidi ya asilimia 25 ya vipindi vya somo, unapigwa hirmani, yaani unanyimwa mtihani na somo linahesabiwa umeanguka. Chukua somo la saa 3 kwa wiki kwa wiki 15: ni saa 45, robo yake ni 11 na kitu. Ukikosa saa ya 12 umekwisha, hata kama ulikuwa wa kwanza katika majaribio yote. Ukiugua, pata cheti cha ugonjwa siku ile ile kutoka zahanati ya chuo au kwa njia ya Sehhaty, programu ya Wizara ya Afya, na ukipeleke ndani ya muda unaotakiwa. Nasisitiza kwa sababu maisha ya miji hii ni ya usiku. Maduka yanachangamka baada ya Isha, wenyeji hualikana saa nne za usiku, na kipindi cha saa mbili asubuhi kinakungoja. Ramadhani ndiyo zaidi: mji mzima hukesha mpaka daku, ratiba ya chuo hubadilika, na wengi hujaza kikombe chao cha hirmani katika mwezi huo.

Wastani huhesabiwa kwa 5. Kuanzia 4.5 ni mumtazi, 3.75 ni nzuri sana, 2.75 ni nzuri. Chini ya 2.0 unapewa onyo la kitaaluma, na maonyo yakifuatana unafukuzwa. Muhula wa kwanza ndio unaoamua mengi, kwa kuwa wastani ulioanguka mwanzoni hupanda kwa shida sana. Ukiona unazama, nenda kwa mshauri wako wa masomo mapema, katika wiki za mwanzo ambazo bado unaruhusiwa kupunguza masomo. Vijana wetu wengi wanaona haya kumwambia mhadhiri "sijaelewa", hasa anapokuwa mtu mzima mwenye ndevu nyeupe anayeitwa Doktor. Lakini mficha uchi hazai. Wahadhiri wengi wa kule, ukiwaendea ofisini kwa adabu na daftari mkononi, hufurahi. Na kusalimia kwa utulivu, kuuliza hali ya mtu na ya watu wake kabla ya kutaja shida, adabu ambayo sisi watu wa pwani tumelelewa nayo, itakufungulia milango mingi kule.

Sasa nirudi kwenye geti, na lugha. Wengi wetu huanza kwa mwaka mmoja au miwili kwenye taasisi ya Kiarabu ya chuo. Kinachofundishwa pale ni Kiarabu fasaha, nacho lazima ukishike, maana ndicho cha vitabu na mitihani. Lakini fundi simu, dereva, muuza duka na hata mwanafunzi mwenzako Msaudi hawasemi hivyo. Riyadh, "sasa hivi" utaisikia alhin. Jeddah utaisikia dahin. Anayejifungia chuoni hushangaa mwaka wa tatu kwamba anasoma tafsiri ya Qur'ani vizuri lakini hawezi kuelewana na mtu wa kumtengenezea friji. Chumbani, ikiwa una hiari, usikae na Waswahili watupu. Tafuta chumba chenye Mwindonesia, Mnigeria au Myemeni, ambako lugha pekee ya kuombana chumvi ni Kiarabu. Nalisema hili nikijua uzito wake: usiku wa kwanza wa upweke, Kiswahili cha jirani ni dawa. Basi kula nao Ijumaa, mswali pamoja, mpike wali wa nazi, lakini siku nyingine sita ziwe za Kiarabu.

Riyadh kutoka kumekuwa rahisi. Zamani chuo kilikuwa mbali na kila kitu kwa asiye na gari. Tangu Desemba 2024 kuna metro, laini sita na vituo 85, na laini nyekundu inaishia Chuo Kikuu cha Mfalme Saud. Tiketi ya saa mbili ni riyali 4, na inafanya kazi kwenye mabasi pia. Panda laini nyekundu, badili kituo cha STC, chukua ya buluu hadi Batha. Hapo ndipo wageni wa Riyadh wanaponunua: blanketi, sufuria, viatu, simu zilizotumika, unga wa ugali kwenye maduka ya Waafrika. Blanketi nunua kweli, kwa kuwa Riyadh ya Januari usiku ina baridi ambayo mtoto wa Dar es Salaam hajawahi kuiona. Ukitoka Batha, kituo kinachofuata kinakufikisha karibu na ngome ya Masmak, ambayo Mfalme Abdulaziz aliiteka mwaka 1902, na masoko ya zamani yanayoizunguka. Keti, nunua kahawa, sema na wazee. Wazee wa Najdi wanapenda kijana mgeni anayejitahidi kwa lugha yao, na darasa lao halina ada. Kila msimu wa vuli kuna maonyesho ya vitabu ya Riyadh, ambapo wachapishaji wa ulimwengu wote wa Kiarabu hukutana. Weka riyali kando tangu kiangazi.

Jeddah ni mji mwingine kabisa. Una joto la unyevu kama letu, bahari, na watu ambao mababu zao walikuja kuhiji kutoka pande zote za dunia wakabaki. Nenda Balad, mji wa kale ulioingia orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2014. Nyumba zake za mawe ya matumbawe na madirisha ya mbao zitamkumbusha mtu wa Lamu au wa Mji Mkongwe nyumbani kwao. Mswahili hutembea Jeddah bila mtu kugeuka kumtazama, na jambo hilo pekee hupunguza upweke. Metro hakuna, usafiri ni mabasi na teksi za simu, kwa hiyo shirikianeni nauli. Mvua ikitabiriwa, nayo huja zaidi Novemba, baki ndani na ukwepe njia za chini ya barabara. Mafuriko ya Novemba 2009 yaliua zaidi ya watu mia moja katika mji huo.

Makkah iko kilomita zisizofika mia kutoka Jeddah, na treni ya Haramain ina kituo Sulaymaniyah, jirani na chuo. Neema hiyo ina masharti. Umra unaomba kibali kupitia programu ya Nusuk, na ni rahisi. Hija ni habari nyingine: kuingia Makkah msimu wa Hija bila kibali ni kosa linaloleta faini ya maelfu ya riyali na kufukuzwa nchini. Usimsikilize anayekwambia anaijua njia ya nyuma. Wasomaji wangu Wakristo nao wajue kwamba kanisa hakuna, ibada hubaki ya faragha chumbani, na Makkah hawaruhusiwi kuingia. Kwa wote: usimpige mtu picha bila idhini yake, wala usiandike mitandaoni ukali juu ya siasa za nchi uliyoalikwa.

Kwa dada zangu, ulizeni kanuni za hosteli kabla ya kusaini: saa za kutoka, idhini inatolewa na nani, mzazi aliye nje anasajiliwaje. Mambo yamelegea sana miaka hii, na wanawake wanaendesha magari tangu 2018, lakini hosteli za wasichana bado zina utaratibu wake mkali, nao hutofautiana chuo hadi chuo.

Kuna mtihani mmoja ambao hauko kwenye ratiba ya chuo. Ukianza kujua Kiarabu, namba yako itasambaa. Utapigiwa simu usiku na dada wa Kisii, wa Mukono au wa Singida anayefanya kazi za ndani, hajalipwa miezi kadhaa, au amenyang'anywa simu, au anaogopa. Usikate. Msikilize mpaka mwisho, kwa kuwa huenda wewe ndiye wa kwanza kumsikia. Kisha andika: jina kamili kama lilivyo kwenye pasipoti, namba ya pasipoti na ya iqama, jina na simu ya mwajiri, mtaa, tarehe ya mshahara wa mwisho. Peleka maelezo hayo ubalozi wa nchi yake Riyadh, kwa maandishi, na mwelekeze au mpigie namba 19911 ya Wizara ya Rasilimali Watu. Akiwa katika hatari ya mwili, ni polisi. Usiende nyumba ile mwenyewe, usigombane na mwajiri kwa simu, na usimfiche mtu chumbani kwako, kwani kumhifadhi aliyetoroka kazini ni kosa kwa sheria yao na mtaangamia wote wawili. Mkataba wake ukiupata, mtafsirie kifungu kwa kifungu, kwa sababu wengi walitia saini wasichokisoma. Nafasi hii ya kuwa ulimi wa mwenzako ni amana, na sijui shahada inayomfunza mtu Kiarabu cha sheria, cha polisi na cha huruma kwa pamoja kama kazi hii.

Mwaka wa mwisho, anza kurudi kabla hujarudi. Chukua nakala rasmi za matokeo kwa Kiarabu na kwa Kiingereza, pamoja na maelezo ya kila somo ulilosoma, maana mwajiri au chuo cha nyumbani atauliza ulisoma nini hasa, na karatasi moja ya Kiarabu haitamjibu. Gonga mihuri ya wizara zao na ya ubalozi wako ungali Riyadh. Ukifika Tanzania, cheti hupelekwa Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, kutambuliwa. Kenya ni Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, CUE. Vitabu vyako vipakie mapema, na uliza chuoni kuhusu posho ya kusafirishia vitabu, ambayo wenye ufadhili wengi hupewa na wengi husahau kuidai. Barua pepe ya chuo ihamishe yote, maana akaunti hufungwa. Visa ya kutoka moja kwa moja iwe karatasi ya mwisho kabisa kuiomba, baada ya cheti kuwa mkononi, kwa sababu ikishagongwa iqama inakufa, benki inafunga, na muhuri mmoja uliosahaulika utahitaji mtu mwingine, mwenye uwakala wa maandishi, kukuzungukia ofisi hizo huku wewe uko nyumbani.